Majirani wa Migosi, Kisumu: filamu ya Jumamosi

Mama Akinyi, 18:40: Majirani wapendwa, hamjambo. Wasichana wetu wamerudi kutoka shule za bweni, na Jumamosi jioni ningependa tuwaonyeshe uani kwangu filamu ya The Craft, ya mwaka 1996, kuhusu wasichana wanne wa sekondari jijini Los Angeles wanaopata uwezo wa kichawi, wakaonywa kwamba lolote umtendealo mtu litakurudia mara tatu. Kila nyumba ithibitishe usiku huu.

Mama Akinyi, 19:05: Naona ujumbe umesomwa na hakuna aliyejibu. Nimeichagua kwa sababu ya Rochelle, msichana mweusi anayedhihakiwa nywele zake na mwenzake wa shule. Anamloga, nywele za mwenzake zinanyonyoka, na anapomkuta akilia bafuni anashindwa kuufurahia ushindi wake. Nataka binti yangu aone sura ya Rochelle wakati huo.

Baba Toni, 19:20: Ningepewa uwezo huo kwa siku moja, ningeyang'oa magugumaji yote kutoka Dunga hadi bandarini.

Mwalimu, 19:22: Tafadhali anza na mfereji wangu, ambao haujatoa maji tangu Jumatatu.

Mama Akinyi, 19:23: Nimeuliza kuhusu Jumamosi.

Mwalimu, 19:31: Mama Akinyi, Marekani kwenyewe asiyetimiza miaka 17 haruhusiwi kuitazama sinemani bila mzazi au mlezi, kwa kuwa ina mauaji na kijana anayetaka kumtenda msichana kwa nguvu. Wangu wa gredi ya tano hawatakuja.

Mama Akinyi, 19:33: Wadogo watakaa kwa Mama Toni.

Mama Apiyo, 20:05: Mimi sitakuja. Duka langu lilipoanza kuuza, ni humu humu mlimoandika kwamba nimefuga nyoka wa kichawi, na wanangu wakasusiwa hata katika mchezo wa kamba. Leo mnataka kutazama uchawi mkiwa mmekalia viti vyangu.

Mama Akinyi, 20:09: Dada yangu, hayo tuliyazungumza siku ile kwa Baba Toni.

Mama Apiyo, 20:10: Mliyazungumza ninyi.

Jaduong' (Mzee), 21:47: Wanangu, nimesoma yote. Nyamgondho wa Ombare alikuwa mvuvi maskini kule Gwassi, akamnasa mwanamke mzee wavuni, na kwa kumpokea nyumbani akajaliwa ng'ombe hadi boma likafurika. Kisha akalewa, akamtukana, naye mama yule akarudi ziwani, mifugo yote ikimfuata. Watoto wa shule ya msingi wasiitazame filamu hiyo. Na kabla ya kiti kimoja kutolewa, waliomsema Mama Apiyo waende dukani kwake kwa miguu yao wakamwombe radhi.

Mama Akinyi, 22:10: Tumesikia, Jaduong'. Nitakwenda kesho asubuhi. Ni nani atakayefuatana nami?

Baba Toni, 22:31: Projekta iko kwa shemeji yangu Kondele, nitamwuliza kama Jumamosi ataihitaji.

Mama Akinyi, 22:32: Baba Toni, sikuuliza kuhusu projekta.

Mama Toni, 06:15: Habari za asubuhi. Ndiyo kwanza nasoma. Ni watoto wangapi wanaoletwa kwangu, na ni nani aliyekubali kwa niaba yangu?