Naomba ushauri: rafiki yetu anataka kuacha chuo

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nasoma chuo hapa Tanga, mwaka wa pili. Muhula huu tulikuwa wanne tusioachana: mapango ya Amboni, Lushoto kutazama bonde kutoka Irente, jioni Raskazone na mihogo ya kukaanga kwenye gazeti moja, tunagombania kipande cha mwisho chenye pilipili. Sijawahi kuishi raha ile.

Sasa mmoja wetu amefiwa na baba, ndiye aliyekuwa akimlipia ada. Anasema harudi tena. Ameshaniachia ndoo na godoro lake.

Tunataka kumchangia, ila ana haya mno. Akijua tumepitisha daftari atakataa. Tuanze kwa mama yake, au tumwone mshauri wa wanafunzi aombewe kulipa kwa awamu? Mliopitia haya, naombeni mnielekeze.