Shanta jepesi kwa safari za milimani za siku mbili: lenye fremu au lisilo na fremu?

Mwalimu wa Ilala

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu, ninaishi Dar es Salaam, na tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Morogoro mwaka 2024, mimi na wenzangu watatu tumejizoesha kuondoka Ijumaa jioni, kupanda Uluguru Jumamosi asubuhi, kulala hemani Morningside, kisha kurudi mjini Jumapili. Mara mojamoja, likizo ikiruhusu, tunakwenda Lushoto.

Shida yangu ni shanta. Ninalo la lita 65 nililolinunua kwenye mitumba ya Karume, na sina ugomvi na uimara wake, ila likiwa tupu lina kilo 2.6. Safari iliyopita nilirudi nyumbani na alama nyekundu mabegani zilizokaa siku nne, na kwenye mteremko wa kurudi nilikuwa ninavutwa nyuma kana kwamba kuna mtu ameshika kola yangu.

Sasa nimepata mawili ya kuchagua, yote yametumika kidogo. La kwanza ni la lita 38, halina fremu yoyote, lina gramu 700 tu na kitambaa chake ni chembamba sana. La pili ni la lita 45, lina vyuma viwili vya alumini mgongoni na mkanda mnene wa nyonga, nalo lina kilo 1.3. Bei zake zinakaribiana. Moyo unanivuta kwenye lile la gramu 700, lakini ninaogopa kununua majuto.

Nimepima vitu vyangu kwa mizani ya ndoana ya muuza samaki wa mtaani kwetu, ambaye alinicheka lakini akaniazima. Nusu yangu ya hema ni kilo 1.4, mfuko wa kulalia 1.9, mkeka wa sponji 0.45, nguo 1.6, chakula 1.8, jiko dogo na sufuria 0.9, maji lita mbili, taa, dawa, simu na vikorokoro vingine 0.9. Ukijumlisha na shanta la sasa unapata kilo 13.55. Mimi mwenyewe nina kilo 56. Naomba ushauri, hasa kwa wale waliotembea na mabegi yasiyo na fremu, na pia mnieleze mnavyojikinga na mvua ya Uluguru, ambayo haina adabu ya kubisha hodi.

Mpagazi Mstaafu, Marangu

Dada Mwalimu, nimebeba mizigo Kilimanjaro kwa miaka kumi na moja kabla ya magoti kuniomba nipumzike, kwa hiyo nitazungumza kama mtu wa mizigo na si kama mtu wa madukani. Kule getini mzigo wa mpagazi hupimwa kwenye mizani na mwisho wake ni kilo 20. Wengi wetu tuliuweka kichwani, kwa sababu kichwani uzito unashuka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo hadi miguuni bila kuvuta mabega. Shanta zuri linatafuta jambo hilohilo kwa njia nyingine: linauchukua uzito kutoka mabegani na kuukalisha juu ya mifupa ya nyonga. Fremu ndiyo inayoufikisha huko. Shanta lisilo na fremu likijazwa kupita kiasi hujikunja katikati kama gunia, mkanda wa nyonga unabaki kuwa pambo, na mzigo wote unarudi mabegani.

Kwa uzoefu wangu, begi lisilo na fremu linabebeka vizuri hadi kilo nane au tisa, zikizidi hapo unaanza kulipa. Kwa mzigo wako wa sasa ningechukua lile la kilo 1.3 bila kusita, kwani gramu 600 zinazobebwa na nyonga ni nyepesi kuliko gramu 600 ulizoziokoa zikakuachia kilo kumi na moja mabegani.

Hata hivyo, kabla ya kutoa pesa, pima mgongo wako, maana begi lenye fremu ndefu au fupi kuliko mgongo halina msaada hata likiwa la dhahabu. Inamisha kichwa mbele, na nyuma ya shingo utagusa mfupa unaojitokeza kuliko mingine. Hapo ndipo pa kuanzia. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekea nyuma, ukiwa umegusa ukingo wa juu wa mifupa ya nyonga, na mwenzako apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye mfupa wa shingo hadi kwenye mstari unaounganisha vidole gumba vyako. Urefu huo ndio urefu wa mgongo, na hauna uhusiano wa lazima na kimo cha mtu. Nimewahi kuona mgeni mrefu kama mnazi mwenye mgongo mfupi kuliko wangu.

Ukishajua kipimo chako, nenda na mifuko minne ya unga ya kilo mbilimbili, uitie ndani ya shanta, ulegeze mikanda yote, kisha ulivae. Funga kwanza mkanda wa nyonga, sponji yake ikalie juu ya mfupa na si juu ya tumbo. Halafu kaza mikanda ya mabegani mpaka iguse tu, bila kubana. Mwisho vuta vile vimkanda vya juu vinavyotoka begani kwenda kwenye fremu. Mambo yakiwa sawa utaweza kupitisha kiganja kati ya mkanda na bega lako hali mzigo umetulia. Ukishindwa kukipitisha, mabega yako bado ndiyo yanayobeba. Tembea nalo robo saa, panda ngazi na ushuke, na usione haya kwa kuwa watu wanakutazama.

Mpanda Vilima, Nakuru

Naheshimu sana maneno ya mzee wa Marangu, lakini naona tumeanza na jibu kabla ya kumaliza swali. Mwalimu, kasoro yako kubwa si begi. Kilo 13.55 kwa mtu wa kilo 56 ni karibu robo ya uzito wake, wakati kanuni inayotumiwa na watembezi wengi ni kutozidi sehemu moja ya tano, ambayo kwako ni kilo 11.2. Hata ukinunua lile la gramu 700 utabaki na kilo 11.65. Kwa hiyo uamuzi wa begi uje mwisho, baada ya kuiangalia orodha yako bila huruma.

Mfuko wa kulalia wa kilo 1.9 ni wa mtu anayekwenda kwenye theluji. Kwa Uluguru, na hata kwa Lushoto nje ya baridi kali ya Juni na Julai, wa kilo moja unatosha ukivaa sweta. Nguo kilo 1.6 kwa usiku mmoja nazo ni nyingi. Beba seti moja kavu ya kulalia, koti la mvua na soksi za ziada, ile unayotembea nayo itakukaukia mwilini. Ukipunguza gramu 900 kwenye mfuko na gramu 500 kwenye nguo, begi la kilo 1.3 litakufikisha kwenye kilo 10.85.

Maji yategemee mahali. Pale mnapopita vijito, beba lita moja na dawa ya kusafishia, mchote njiani. Kwetu Longonot ni habari nyingine: mlima una mita 2,776, kuzunguka ukingo wa kreta ni zaidi ya kilomita saba, na njia nzima ni vumbi na jua bila tone la maji. Huko mimi hubeba lita tatu, yaani kilo tatu kamili, na ni hapo ambapo nimewashuhudia wenye mabegi laini wakitembea wameinama kama wanatafuta sindano.

Ila usikimbilie udogo pia. Mimi nilinunua la lita 28 kwa kutamani wepesi, nikaenda nalo Aberdare kwa siku mbili. Mkeka na koti havikuingia, nikavifunga nje. Tulipoingia ukanda wa mianzi, kila hatua mkeka ulinaswa, ukanivuta, ukaniachia, na ulipotoka huko ulikuwa umeng'atwa vipandevipande kama mkate uliopatikana na panya. Kitu kinachoning'inia nje pia hukuyumbisha mahali pa utelezi. Tangu siku hiyo kwangu lita 40 hadi 45 ndicho kipimo cha safari ya usiku mmoja yenye hema, na la lita 28 nimempa binti yangu la shule.

Fundi Mabegi, Ngarenaro

Salaam kwa wote. Mimi kazi yangu ni kushona na kutengeneza mabegi, na mengi yanayofika mezani kwangu ni ya wapanda milima, kwa hiyo ninayaona yakiwa yameshaumia. Wenzangu wamemaliza suala la uzito. Mimi nitasema juu ya kitambaa, kwa sababu Mwalimu anakaa Dar es Salaam na jambo hili linawahusu zaidi watu wa pwani.

Mabegi mengi ya nailoni yamepakwa kwa ndani utando wa polyurethane unaozuia maji. Utando huo huharibiwa na joto na unyevu, hata kama begi halijawahi kuvaliwa. Begi lililokaa miaka kwenye kontena, kisha kwenye stoo yenye joto, linaweza kuonekana jipya kabisa kwa nje. Kwa hiyo ligeuze nje ndani, upitishe kiganja taratibu kwenye pembe za chini, kisha unuse. Likinata kama peremende iliyolambwa, au likitoa harufu ya uchachu inayokaribia ya matapishi, au unga mweupe ukibaki kwenye vidole, liache hapohapo hata ukipunguziwa bei hadi nusu. Ugonjwa huo hautibiki, na kila mwezi utazidi kumomonyoka juu ya nguo zako.

Kuhusu wembamba, tafuta namba yenye herufi D kwenye lebo. Hiyo ni denieri, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, kwa hiyo uzi wa 210D ni mzito mara tatu ya ule wa 70D. Kwa njia za Uluguru zenye mizizi na miba ningetaka angalau 210D sehemu ya chini inayokaa ardhini, hata kama pande zake ni za 100D. Vilevile angalia pale mkanda wa bega unaposhonwa kwenye begi, maana michaniko mingi huanzia hapo: mshono uwe umerudiwa, na ukivuta kwa nguvu usione mwanga kati ya nyuzi. Bizimu za plastiki zikifunga bila kulia "ta", zimechoka, lakini hizo hubadilishwa kwa dakika kumi, zisikunyime begi zuri.

Sasa mvua. Kile kifuniko cha nje kinasaidia manyunyu, lakini mvua ya kweli hupitia mgongoni, mahali ambapo kifuniko hakifiki, na upepo ukikichukua umekipoteza. Kinga iwe ndani. Mifuko ya kuhifadhia nafaka ambayo wakulima wanaijua kwa jina la kinga njaa ina nailoni mbili nene ndani ya kiroba cha nje. Chukua nailoni moja, iweke ndani ya shanta, tia vitu vyote humo, sokota mdomo, ukunje na ufunge. Nimewahi kuangusha begi la namna hiyo mtoni, likaelea, na unga ndani yake ukabaki mkavu.

Ukirudi nyumbani lifute kwa maji matupu, likauke kivulini, lining'inize ukutani penye hewa. Usilifungie kwenye buti la gari.

Mwalimu wa Ilala

Nawashukuru sana, na ninaleta matokeo. Mgongo wangu ni sentimita 43. Nilikwenda na unga kilo nane kama mzee alivyoelekeza, na muuzaji alinitazama kwa mashaka mpaka nilipomweleza. Lile la gramu 700 lilikuwa zuri kwa dakika tano. Kwenye ngazi za ghorofa ya pili tayari lilikuwa limejikunja, na kiganja hakikupita begani. La kilo 1.3 lilikaa nyongani mara moja, kiganja kikapita. Ila nilipoligeuza nje ndani, pembe moja ya chini ilinata kidogo, eneo la kama upana wa kiganja, bila harufu. Kwingine kote ni kukavu. Muuzaji amekubali kupunguza. Mfuko wa kulalia nimeazima wa kilo moja, na nguo nimezipunguza kwa machungu, hasa kanzu yangu ya jioni.

Je, Fundi, mnato huo mdogo nao ni wa kukimbiwa? Na mikanda yake ina ncha ndefu zinazopepea hadi magotini, nizikate?

Fundi Mabegi, Ngarenaro

Mnato ukishaanza huenea, lakini haugusi fremu, mishono wala mkanda wa nyonga, na hivyo ndivyo vinavyobeba. Kwa kuwa maji utayazuia kwa nailoni ya ndani, lichukue, mradi punguzo liwe la maana na uelewe kwamba unanunua fremu, huku utando ukiwa umeshaanza kuaga. Pasugue hapo panaponata kwa kitambaa na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo hadi utando uliolegea utoke wote, ulikaushe siku mbili kivulini, kisha upake poda ya mtoto ili pasishikane na nailoni.

Ncha za mikanda usizikate bado. Safari ya kwanza zikunje na uzibane kwa mpira mwembamba, kwa sababu ukivaa koti nene huko Lushoto utahitaji sentimita kadhaa za ziada, na mkanda uliokatwa mfupi sina namna ya kuurefusha usiache kovu. Ukishajua unapoishia, acha kiganja kimoja zaidi, kata, kisha uunguze ncha kwa kiberiti ili isifumuke.