Mabegi ya ngozi ya pikipiki yamekauka kama ubao, yanarudi au nitupe tu?

MtotoWaChumbageni
Wakuu habari za leo, naomba ushauri kabla sijafanya ujinga. Nimenunua pikipiki ya Yamaha, Virago 250, kwa mzee mmoja hapa Tanga, chombo kizuri injini haina neno, ila imekuja na mabegi mawili ya ngozi ya pembeni, yale unayarusha juu ya siti yanabaki yananing'inia huku na huku. Babu yangu alivyoyaona akacheka akasema hilo si shogi la punda hilo, leo mmemvalisha pikipiki. Sasa mashine ilikaa stoo sijui miaka mingapi na hewa ya huku pwani mnaijua, mabegi yamepauka, la kushoto lina kuvu nyeupe ndani na nje, mikanda ukiikunja inalia kama kuni kavu na mmoja umeshakatika. La kulia ndo balaa, ule uso wa ndani unaotazama ekzosi umekakamaa na kujikunja, halafu uzi umeachia kama shubiri moja hivi. Jirani kaniambia nipake oili ya injini, tena ile chafu eti ndo inaingia vizuri. Fundi wa siti yeye anataka kunishonea mapya ya reksini. Mi nayapenda haya haya. Nifanyeje?

SindanoMbili
Oili ya injini hapana kaka. Ikishaingia haitoki, itakuchafulia suruali kila ukipanda na uzi nao unaoza taratibu, na ile chafu ndo mbaya zaidi maana ina masizi na asidi. Mwambie jirani apake kwenye geti lake.

Kabla ya kupaka chochote jua una nini mkononi. Angalia pale ngozi ilipokatwa, ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi mpaka katikati na upande wa ndani una manyoya manyoya kama suedi. Ukikuta kitambaa kimefumwa na juu yake kuna ganda linabanduka, hiyo ni bandia na haina dawa, hata upake mafuta ya mwaka mzima. Ukishahakikisha ni ngozi sugua kwa kidole sehemu iliyochoka. Kidole kikitoka na unga mwekundu mwekundu kama matofali ujue imeoza ndani kwa ndani, hapo kuilainisha ni kumpaka maiti losheni. Unga usipotoka basi imekauka tu, na iliyokauka inarudi.

Halafu weka tone la maji. Likinyonywa, mafuta nayo yataingia. Likisimama juu kuna rangi au vanishi inazuia, na mafuta yako yatabaki kuteleza juu juu tu yakikusanya vumbi.

BodaMstaafu
mi ya kwangu nilipaka mafuta ya kupikia, wiki mbili kijiwe kizima kinauliza nani anauza chapati 😂 yakachacha yakaanza kunata na sisimizi wakahamia humo, usijaribu

MtotoWaChumbageni
Nimecheka sana mkuu. @SindanoMbili nimefanya, ni ngozi kweli, nene kama milimita 3 au 4, rangi ya kahawia mpaka katikati. Unga hamna, ila kile kipande cha kulia kinachotazama ekzosi nikikikunja kinapasuka. Tone la maji limenyonywa ndani ya sekunde chache.

SindanoMbili
Safi. Kahawia mpaka katikati mara nyingi ni ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti, kama ile ya miti ya miwati ya Njombe, ile iliyolainishwa kwa kemikali ya kromu ukiikata unakuta ina kijivu au ubluu kati. Hii ya magome inapokea mafuta vizuri sana lakini joto haiwezi, ikifika nyuzi 80 hivi inaanza kusinyaa, na ikiwa imelowa inasinyaa mapema zaidi. Ndo kilichompata huyo wa kulia, alilowa mvua halafu akakaa jirani na ekzosi. Hicho kipande kimeiva, hakirudi tena. Kibadilishe hicho tu usitupe begi zima.

Kuvu uifutie nje ya nyumba, siyo sebuleni. Siki na maji nusu kwa nusu, kitambaa kiwe na unyevu tu kisichuruzike, acha ikauke KIVULINI siku mbili. Najua mkono utakuwasha uanike juani, jizuie. Ikishakauka futa na sabuni ya ngozi, ukikosa tumia sabuni laini ya maji kidogo sana, ikauke tena. Ndo sasa mafuta. Ya kwato za ng'ombe ndo yenyewe, ukiyakosa tafuta ya kulainishia ngozi yoyote. Paka kidogo, lala, kesho ukunjekunje mikanda, paka tena kidogo. Ukiyamwaga yote siku moja begi linalegea kama chandarua na ngozi inaweza kuwa nyeusi. Jaribu kwanza chini ya kifuniko pasipoonekana. Mwisho nta ya nyuki kiasi juu, ya kuzuia maji.

RiderWaKariokor
Niko Nairobi lakini wacha niongeze. Hizo strap usijaribu kuzirudisha, mkanda uliolia hivyo utakatika tu siku uko na mzigo. Begi ikianguka ikaingia kwa gurudumu la nyuma ni wewe tutaokota. Huku Kariokor soko lina mafundi wa ngozi wengi, strap mpya wanakata ukingoja. Mwambie fundi atumie buckle za brass, zile za chuma chumvi ya pwani itazimaliza.

Ingine, hizi bag za kurusha zinataka breketi za chuma pande zote mbili, si hiari. Bila hizo zinapigwa na shokapu na kusukumwa kwa ekzosi, ndio maana yako iliungua. Na mzigo uwe mwepesi, mimi sipitishi kilo 5 kila upande, na ule mzito naweka chini kabisa.

MtotoWaChumbageni
Shukrani sana. Sasa kushona, fundi viatu wa hapa anataka kupitisha mashine yote upya na anasema itakuwa imara kuliko mkono.

SindanoMbili
Si lazima. Mashine inafungana uzi wa juu na wa chini, mmoja ukikatika unaanza kufumuka, na sindano yake ikitoboa mashimo mapya jirani na ya zamani ngozi inakuwa kama stempu, inachanika kwenye mstari. Mwambie ashone kwa mkono, uzi mmoja sindano mbili, kila tundu zinapishana, hapo mshono mmoja ukikatika wenzake wanashika. Uzi uwe wa poliesta uliopakwa nta, wa pamba huko kwenu hautakaa. Na atumie MATUNDU YALE YALE ya zamani, msharasi wa kufungulia tu siyo kutoboa upya.

Kipande kipya cha kulia akikate kwa kufuatisha kile cha begi la kushoto akigeuze, maana kile cha zamani kimesinyaa na hata akikilowanisha hakinyooki, akikifuata kilivyo begi litakaa upande. Na kabla hujalirudisha funga bati kati ya begi na ekzosi, liache nafasi ya vidole viwili hewa ipite.

BodaMstaafu
na ukimaliza usipake kiwi nyeusi ili ing'ae, mi nilimpeleka shemeji yenu harusini na gauni jeupe

MtotoWaChumbageni
😂😂 pole kwa shemeji. Kesho naenda kwa fundi na begi la kulia, la kushoto lipo kivulini linakauka, babu analilinda mbuzi wasile mikanda.