Tupeane uzoefu: sensa ya sukari inapoanza kudanganya

mama_wa_Umoja (mleta mada)
Wadau, sensa (kile kifaa kinachobandikwa kwenye ngozi, kupima sukari na kutuma namba kwenye simu) ni ghali, na ikizingua kabla ya muda wake ni hasara tupu. Tuandike mambo ya kufanya tu, hadithi tuziache. Namba ziwe za mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu).

Naanza. Kabla hujailaumu, toboa kidole upime kwa glukomita (mashine ya kupima tone la damu). Nawa kwa sabuni, kausha kabisa. Ukitoka kumenya embe, sukari iliyobaki kidoleni itapandisha namba ya glukomita bure. Pima wakati mshale wa sensa umelala, yaani sukari haipandi wala kushuka. Sensa haisomi damu, inasoma majimaji yaliyo chini ya ngozi, hivyo huchelewa dakika 5 hadi 15. Muda mfupi baada ya chai na mandazi, kidole 11 na sensa 8.5 si ubovu. Lakini mshale umelala, kidole 7, sensa 3.6, na ukirudia baada ya dakika 20 bado ni vilevile? Hapo una kesi.

Kidole_Safi
Saa 24 za kwanza usizitegemee sana, hata ile saa moja ya Libre 2 (aina ya sensa) kujiandaa ikishapita. Siku hiyo usipige insulini bila kidole.

Kubandika: nyuma ya mkono wa juu, penye nyama, mbali na kovu, na angalau sm 2.5 kutoka unapochoma sindano. Nyoa nywele, osha kwa sabuni ya kawaida, futa kwa spiriti, kisha subiri ikauke. Vaseline ndiyo adui mkubwa wa gundi. Siku hiyo mkono ubaki mkavu. Damu kidogo isikutishe, ila ikiendelea kuvuja, itoe.

Rongai_Express
Kengele ya sukari kushuka saa nane usiku mara nyingi ni kulalia mkono wenye sensa. Grafu inaporomoka ghafla, ukigeuka inapanda yenyewe bila kula chochote. Hamishia mkono wa pili.

Na dawa jamani! Kwa Libre 2, vitamini C ya zaidi ya mg 500 kwa siku inaweza kupandisha namba isivyo kweli. Vile vidonge vya kuyeyusha majini tunavyokimbilia baridi ya Julai, vingi vina mg 1000 kimoja. Kwa Dexcom G6 (sensa ya kampuni nyingine), angalia paracetamol: isizidi g 1 kila saa 6.

Fundi_Simu
Simu ikiandika "Mawimbi yamepotea" si sensa mbovu. Nenda kwenye mipangilio ya betri, iruhusu programu ya sensa ifanye kazi muda wote. Simu zetu nyingi huizima kimyakimya ili kuokoa chaji. Zima Bluetooth, iwashe tena. Usifute programu, maana unaweza kuipoteza sensa nzima ambayo bado ina siku zake.

Kidole_Safi
Kuhusu kudai kampuni ikupe sensa nyingine: usiibandue kwanza. Piga picha ya sensa na glukomita pamoja, saa ionekane. Andika namba ya mfululizo (serial number) iliyo kwenye boksi, tarehe uliyobandika, na ujumbe wa hitilafu. Piga huduma kwa wateja ya kampuni yenyewe, si duka peke yake. Ukishaitoa iweke, pamoja na kibandikio na risiti, kwani wanaweza kuitaka. Zinazoletwa na mtu kutoka ng'ambo mara nyingi hazina dhamana hapa Kenya, na programu yaweza kuikataa sensa ya nchi nyingine.

Bodi ya Dawa na Sumu pia hupokea ripoti za vifaa tiba vyenye kasoro. Na wenye Libre 3 na 3 Plus, linganisheni namba ya mfululizo na tangazo la Abbott (watengenezaji wa Libre) la Novemba 2025: baadhi zilikuwa zinasoma chini isivyo kweli. Hiyo ni hatari, mtu anakula sukari au anaruka insulini wakati yuko juu.

mama_wa_Umoja
Nyongeza: ukitetemeka na kutokwa jasho halafu glukomita haipo karibu, usibishane na sensa. Kunywa vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, kisha tafuta glukomita upime baada ya dakika 15. Na stripu (vile vijiti vya kupimia vya glukomita), angalieni tarehe leo. Kopo likiachwa wazi zinaharibika hata kama hazijaisha muda.