Mjadala: Je, ni jeraha la Tony Iommi lililozaa hevi metali?

Ndugu zangu wapenzi wa gitaa, nauleta mjadala huu kwa sababu ya hoja inayorudiwa kila linapotajwa jina la Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, kwamba hevi metali, yaani roki ya mlio mzito, ilizaliwa kwa ajali kiwandani: kijana alikatwa vidole, akashindwa kupiga kama wenzake, akalegeza nyuzi, na ule mlio mzito ukajitokeza wenyewe. Naipinga hoja hiyo, ingawa nakiri kwamba ina ukweli ndani yake, la sivyo isingedumu hivi.

Yasiyobishaniwa ni haya. Iommi, aliyezaliwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1948, ni mashoto, kwa hiyo hubonyeza nyuzi kwa vidole vya mkono wa kulia. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho ya kazi katika kiwanda cha mabati, mashine ilimkata ncha za kidole cha kati na cha pete za mkono huohuo. Aliambiwa hospitalini kwamba gitaa basi. Msimamizi wake wa kazi akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ambaye mkono wake uliungua moto mwaka 1928 na tangu hapo akawa anapiga solo kwa vidole viwili tu. Iommi akaiyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaifinyanga kuwa subana, akazisugua mpaka zikamwenea vidoleni, kisha akabandika vipande vya ngozi ya koti kuukuu ili zisiteleze juu ya uzi. Kwa kuwa nyuzi nyembamba za gitaa hazikuwa zikiuzwa wakati huo, aliazima za banjo. Kidole kilichovikwa subana hakiusikii uzi, kwa hiyo ilimlazimu kujifunza upya ni nguvu kiasi gani inatosha kubonyeza, na mwamuzi wa pekee aliyebaki naye akawa sikio.

Sasa tuitazame miaka. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilirekodiwa kwa siku moja mwezi Oktoba 1969 na kutoka Februari 1970. Ya pili, Paranoid, ilitoka mwaka huohuo. Zote mbili zimepigwa kwa mkazo wa kawaida wa nyuzi. Ni katika Master of Reality, mwaka 1971, ndipo Iommi aliposhusha sauti ya gitaa kwa hatua tatu za nusu toni kwa kulegeza nyuzi, na Geezer Butler, mpiga besi wa bendi, akalishusha besi lake kumfuata. Kati ya ajali na uamuzi huo ipo miaka 6. Ni kweli kwamba Iommi mwenyewe amesema nyuzi zilizolegea zilimpa nafuu ya vidole, lakini ule uzito tunaougombania ulikwisha kusikika katika albamu mbili kabla nyuzi hazijalegezwa.

Sikilizeni mwanzo wa wimbo unaoifungua albamu ya kwanza. Ni noti tatu tu: ya chini, kisha hiyohiyo kwa sauti ya juu, kisha gitaa linashuka hadi noti iliyo toni tatu kamili juu ya ile ya kwanza, umbali unaolikwaruza sikio, na pale Iommi anaitikisa polepole bila haraka ya kwenda popote. Kidole kilichojeruhiwa kingeweza kwa urahisi uleule kubonyeza noti tamu iliyo jirani. Aliyeichagua ile chungu ni mtu, tena alijua anachokitafuta.

Watetezi wa hoja ya jeraha watasema kwamba zile kodi za noti mbili, yaani noti mbili zinazopigwa kwa pamoja, ambazo ndizo uti wa mgongo wa muziki huu, alizipenda kwa sababu hazihitaji vidole vingi. Hii ndiyo hoja yao nzito kuliko zote, na siidharau. Hata hivyo mpiga gitaa Link Wray wa Marekani alizipiga mwaka 1958, na Dave Davies wa bendi ya The Kinks mwaka 1964, wote wakiwa na vidole vizima. Bendi ya Kyuss ya California nao waliposhusha magitaa yao miongo miwili baada ya Sabbath, hakuna aliyekuwa akikimbia maumivu.

Nimelishusha gitaa langu kwa hatua hizohizo tatu za nusu toni na kulipiga jioni nyingi. Uzi mnene unakuwa mlegevu kiasi kwamba ukiupiga kwa nguvu noti inapanda kwanza ndipo inatulia, na ukibonyeza ovyo unapinda na kutoka kwenye sauti. Kulegeza kunaupunguzia mkono kazi moja na kuuongezea nyingine. Anayelifanya gitaa la namna hiyo litulie ana mkono uliofunzwa.

Mafunzo hayo aliyatafuta mwenyewe. Mwishoni mwa 1968 alikaa wiki chache na bendi ya Jethro Tull, akaona jinsi walivyofanya kazi kwa utaratibu, akarudi Birmingham na kuwataka wenzake nao waanze mazoezi asubuhi. Kuanzia hapo hadi onyesho la mwisho la ziara yao, Februari 2017 katika mji huohuo, ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kutoka katika bendi.

Kwa hiyo anayeshikilia kwamba jeraha ndilo lililozaa hevi metali namwomba anijibu hili moja: katika zile noti tatu za mwaka 1970, zilizopigwa kwa nyuzi zilizokazwa kama za kila mtu, ni ipi ambayo mkono mzima usingeweza kuipiga?