Kompyuta 18 kisiwani, intaneti hakuna. Nijiandaeje kabla sijavuka?

Fundi Kirumba:
Wakuu, heshima kwenu. Jumatatu navuka kwenda Ukerewe, kuna sekondari ina kompyuta 18 za mtumba, zote Windows 10. Wanataka LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, Kolibri kwa ajili ya masomo, na programu ya zamani ya hesabu za stoo ambayo mhasibu hataki kuiacha. Intaneti hakuna. Simu yenyewe inashika ukisimama chini ya mwembe karibu na jiko.

Safari iliyopita, shule nyingine, niliaibika. Nilibeba flashi imejaa nikajua nimemaliza. Kubofya faili la kwanza, linatafuta mtandao! Kumbe kale kafaili ni chambo tu, programu yenyewe unaishusha hapo hapo. La pili likaleta kosa 0x800F081F. Nikawasha hotspoti ya simu, bando likakata kabla sijagusa mashine ya pili. Nililala Nansio siku mbili bila kazi. Nyie mnaoenda huko, mnaandaaje?

Bin Pemba:
Hilo kosa hapo ni .NET 3.5, kile kijenzi cha Windows ambacho programu nyingi za zamani hukitegemea. Windows 10 huja bila mafaili yake, na programu ikiihitaji Windows hukimbilia mtandaoni kuichukua. Dawa unayo kwenye flashi ile ile ya kupigia Windows, folda ya sources, ndani yake sxs. Fungua CMD (lile dirisha jeusi la amri) kama msimamizi, andika:

DISM /Online /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /LimitAccess /Source:E:\sources\sxs

E ni herufi ya flashi, angalia yako. Neno Online lisikutishe, hapo maana yake ni Windows inayotembea sasa hivi, haliulizi intaneti. Ila flashi iwe ya toleo lile lile lililomo kwenye mashine, la sivyo itagoma.

Kijana wa Buza:
Mkuu andaa moja, ipige kopi kwa Clonezilla inayokopi diski nzima, wagawie 17 zilizobaki. Kwisha habari.

mama_seva:
@Kijana wa Buza za mtumba hizo, hazifanani. Clonezilla ukiipa diski ndogo kuliko ile uliyokopi, inakataa.

Kaka Fundi, ulifanya mazoezi? Tafuta mashine moja, ipige Windows upya, chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, kisha weka kila kitu kutoka kwenye flashi, mwanzo mpaka mwisho. Usijaribie kompyuta yako ya ofisini. Hiyo imeshakula kila kitu, .NET ipo, Visual C++ (kijenzi kingine cha namna hiyo) ipo, kwa hiyo hakuna programu itakayolalamika. Kila ikikwama, andika kwenye karatasi imekosa nini, shusha, futa, anza tena. Mimi mara ya kwanza nilianza upya mara nne, usiku kucha.

Na mwombe mwalimu apige leo picha za skrini zinazoonyesha aina ya Windows ya kila mashine. Lazima humo kuna za biti 32, na hizo hazikubali programu za biti 64.

Ubuntu Damu:
Windows 10 Microsoft waliiacha Oktoba 2025. Weka Linux, kuna apt-offline, inakusanya vifurushi vyote ukiwa mjini.

Bin Pemba:
Na mhasibu mwenye programu yake ya Windows umwekee nini? Kila uzi wewe ni Linux yako ya Ubuntu tu 😂

Mzee Nukta:
Kolibri usiiweke mara 18. Weka kwenye mashine moja yenye nguvu, nyingine zifungue kwa kivinjari kupitia ruta, hata kama ruta haina intaneti. Ila masomo hayamo ndani ya programu, yanashushwa peke yake. Yashushe hapo Mwanza, yahamishie kwenye diski ya nje, kule unayaingiza. Diski iwe imefomatiwa kwa exFAT au NTFS. FAT32 haibebi faili la zaidi ya GB 4.

Beba na betri za CR2032, zile ndogo za duara za saa ya ndani ya kompyuta. Mashine ya mtumba ikiwa betri hiyo imekufa, ukiizima saa inarudi miaka ya nyuma, halafu programu zinaanza vituko ambavyo hutajua vimetoka wapi.

Fundi Kirumba:
Wakuu, nimechomoa waya jana usiku. Imekwama mara tatu! .NET imekubali kwa amri ya Bin Pemba. Iliyonishangaza ni ya stoo: inadai draiva ya printa kabla haijafunguka. Ofisini kwangu nisingeiona kabisa, printa ipo siku zote.

Picha zimefika, tano ni biti 32.

mama_seva:
Shusha LibreOffice za aina zote mbili. Kolibri hizo tano zitaingia kwa kivinjari tu. Printa ya mhasibu ni aina gani?

Fundi Kirumba:
Mwalimu ameenda chini ya mwembe kunitumia picha ya hiyo printa.