Kikundi cha ukoo: Rahma na msichana wa piano

Mama Rahma: Assalaam alaykum. Rahma tangu asubuhi yumo kwenye katuni za Kijapani, chumba hakijafagiliwa. Nikimsema ananijibu eti hata Nodame chumba chake kichafu na ni hodari wa piano. Huyo Nodame nani?

Salma: Waalaykum salaam dada. Mie ndiye niliyemwekea. Ni anime ya 2007, Nodame Cantabile. Msichana yuko chuo cha muziki, anaishi ndani ya taka, siku zinapita hajaoga. Kusoma noti za muziki kunamshinda, lakini akisikia wimbo mara moja vidole vinaudaka.

Ami Haji: Sasa huo mfano wa kumpa mtoto?

Salma: Shikamoo Ami. Si uchafu unaotuvuta. Mwanzoni kabisa jirani yake, Chiaki, anazinduka chumbani humo katikati ya taka, na anachosikia ni sonata, yaani muziki wa piano, wa mtunzi Beethoven, ile Pathétique. Nodame haipigi kama ilivyoandikwa, na bado Chiaki anabaki anasikiliza. Wallahi nilikirudia kipande kile mara tatu.

Mama Rahma: Na nani anafagia?

Salma: Chiaki! Anafagia, anapika. Ni mtu wa noti, kila kitu kwa mpango, mkali. Wanafanya mazoezi ya mtunzi Mozart, sonata ya piano mbili, Chiaki anamkaripia Nodame mpaka basi. Siku ya kupiga mbele ya mwalimu anamwambia leo piga utakavyo. Chiaki mwenyewe ndiye anayemfuata. Mie napenda hapo kuliko popote.

Shangazi Mwanaidi: Kwao wapi huyo mtoto?

Salma: Okawa, Fukuoka, huko Japani. Wazee wake wanalima mwani, Shangazi.

Shangazi Mwanaidi: Mwani kama wetu wa Paje?

Salma: Wao ni ule wa kuliwa, wanaukausha ukawa kama karatasi.

Shangazi Mwanaidi: Basi kazi ya maji naijua. Mungu awape nguvu.

Ami Haji: Na kipaji chote hicho anataka kuwa nani?

Salma: Mwalimu wa chekechea. Nilishangaa, mpaka ikaelezwa: alipokuwa mdogo mwalimu wa piano alimpiga. Toka hapo akilazimishwa anakimbia. Baadaye ndiyo anakwenda Paris, anakaa chini kujifunza kusoma noti.

Ami Haji: Mie fidla niliiacha nina miaka 12. Mwalimu alinipiga upinde vidoleni kwa sababu nilipiga nilivyosikia, sikupiga alivyoonesha. Sijawahi kuwaambia.

Mama Rahma: Ami, miaka yote hii tunadhani ulichoka tu.

Ami Haji: Sikuchoka.

Salma: Fidla yenyewe ipo?

Ami Haji: Juu ya kabati. Nyuzi mbili zimekatika.

Mama Rahma: Rahma kasoma hapa, keshaanza kufagia. Anauliza aje lini.

Ami Haji: Kesho baada ya Laasiri. Nyuzi nitanunua mjini asubuhi.